Kamusi Ndani ya Chungu

Hebu tuanze na neno moja tu: shurba. Watu wa Unguja na Mombasa wanalijua, hasa mwezi wa Ramadhani ukifika. Ni supu nzito ya ngano na nyama, inayoshuka kooni taratibu baada ya mtu kushinda na njaa kutwa nzima. Sasa ondoka pwani, nenda mpaka Belgrade, mji mkuu wa Serbia, pale mto Sava unapomwaga maji yake ndani ya mto Danube. Ingia kwenye mkahawa wa kienyeji, agiza supu nzito ya nyama au ya samaki. Wenyeji wanaiita čorba. Hiyo herufi yenye kialama kichwani inasomwa "ch". Chorba. Kumbe ni neno lile lile, bwana! Ni neno la Mashariki ya Kati lililosafiri njia mbili. Kwetu lilikuja kwa jahazi, likiletwa na pepo za Bahari ya Hindi. Kwao lilikuja kwa nchi kavu, na askari na wafanyabiashara wa dola ya Waturuki.

Nilipolishika neno hilo, mengine yakaja yenyewe kama kuku wanaoitiwa mtama. Sisi tuna sahani, wao wana sahan, chombo cha shaba cha kupakulia. Sisi kahawa, wao kafa. Sisi sukari, wao šećer, yaani "shecher". Sisi kababu, wao ćevap. Sisi tunaweka vitu kwenye sanduku, wao kwenye sanduk. Sisi tunatumwa dukani, na bibi zao walitumwa kwenye dućan. Nikayaandika daftarini kama mchezo. Lakini kadiri orodha ilivyorefuka, ndivyo swali moja lilivyozidi kunikera: hivi chakula cha asili ni cha nani?

Nauliza kwa sababu Waserbia ni watu wanaojivunia sana meza yao. Na hiyo meza, ukiisoma majina yake, ni kama kamusi iliyoandikwa na wengi, wakiwemo waliowatawala kwa upanga.

Historia yenyewe kwa ufupi ni hii. Mwaka 1389 majeshi ya Serbia na ya Waturuki yalipambana kwenye uwanda wa Kosovo, na watawala wa pande zote mbili wakafa. Mwaka 1459 mji wa ngome wa Smederevo ukaanguka, na dola ya Waserbia ikawa imekwisha. Ilibidi wangoje mpaka uasi wa mwaka 1804, na mwingine wa 1815, ndipo waanze kupumua. Mwaka 1830 wakapata kujitawala kwa mambo yao ya ndani, na 1878 nchi ikatambuliwa kuwa huru. Zaidi ya miaka mia tatu chini ya bwana mmoja si mchezo. Muda wote huo watu walikuwa wanapika.

Tazama sarma, chakula ambacho Mserbia akiwa ughaibuni hukiota usiku. Jina lake linatokana na kitenzi cha Kituruki chenye maana ya kufunga au kuviringisha. Nyama iliyosagwa na mchele huviringishwa ndani ya jani, kisha chungu hukaa motoni kwa saa nyingi. Waturuki hupenda kutumia jani la mzabibu. Mserbia, ambaye baridi ya nchi yake haina huruma, hutumia kabichi. Kila vuli hujaza mapipa kwa kabichi nzima nzima, akaitia maji ya chumvi na kuiacha ichachuke mpaka iwe chachu ya kukunja uso. Halafu ndani ya chungu, kati ya kabichi na kabichi, huweka vipande vya nguruwe aliyekaushwa kwa moshi. (Msiomla mniwie radhi, historia ni historia.) Sasa hebu fikiri: jina ni la mtawala, lakini ndani yake kuna nyama ambayo mtawala, kwa dini yake, hawezi hata kuigusa. Huyo mtawaliwa kaazima au kanyang'anya?

Nguruwe huyo naye ana habari yake. Katikati ya Serbia kuna eneo liitwalo Šumadija, jina linalotokana na neno "msitu". Palikuwa na misitu ya mialoni, na tunda la mwaloni ni karamu kwa nguruwe. Unawaachia wanajilisha wenyewe. Waturuki hawakuwa na haja nao, hivyo biashara hiyo ikabaki mikononi mwa Wakristo, waliokuwa wakiswaga makundi kwenda kuuza ng'ambo ya mto, katika nchi za mfalme wa Austria. Karađorđe, kiongozi wa uasi wa 1804, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Hata Serbia ilipokuwa huru, mnunuzi wake mkubwa alibaki kuwa dola ya Austria na Hungaria. Mwaka 1906 dola hiyo ilifunga mpaka isipitishe nguruwe wa Serbia, ikidhani itaikaba koo. Ugomvi huo unaitwa Vita vya Nguruwe mpaka leo. Waserbia wakatafuta masoko mengine, wakajenga viwanda vya kusindika nyama, na mizigo yao mingine ikapitia bandari ya Thessaloniki, ambayo wakati huo, amini usiamini, ilikuwa bado mikononi mwa Waturuki. Adui wa jana akawa mlango wa leo.

Mtu anaweza kusema: haya, tuyaache ya Waturuki, turudi nyuma zaidi, kwenye chakula cha wakulima wenyewe, kile cha asili kabisa. Vema, turudi. Mkulima maskini wa Serbia alikula kačamak: unga wa mahindi unaomiminwa kwenye maji yanayochemka na kusongwa kwa mwiko mpaka ushikane. Mimi niliyekulia kwenye ugali sihitaji maelezo zaidi. Alikula pia proja, mkate wa unga huo huo wa mahindi. Siku za mfungo alikula prebranac, maharage yaliyochemshwa, yakatiwa vitunguu vingi na kuokwa. Vuli ilipofika familia ilitengeneza ajvar (soma "ayvar"): pilipili kubwa nyekundu zisizowasha, zinachomwa mpaka ngozi inababuka, zinamenywa moja moja, zinasagwa, kisha zinapikwa na mafuta huku mtu akikoroga mpaka mkono ufe ganzi. Inafungwa kwenye chupa, inangoja theluji. Ni sehemu ya zimnica, akiba ya majira ya baridi, na nyumba isiyo na zimnica ilihesabiwa kuwa nyumba ya wavivu.

Sasa angalia: mahindi, maharage hayo, pilipili. Vyote vitatu asili yake ni Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hakuna Mserbia aliyewahi kuviona, wala Mmakonde, wala Mkikuyu. Na kila watu walipopokea mahindi walidhani yametoka kwa jirani wa mbali wanayemjua. Sisi tukayaita mahindi, kana kwamba ni mali ya India. Waturuki wakayaita kwa jina lile lile wanaloiitia nchi ya Misri. Hata hiyo ajvar, jina lake linatokana na neno la Kituruki la mayai ya samaki, yale ya matajiri. Pilipili ya mkulima ikavishwa joho la sultani.

Ukienda kaskazini mambo yanazidi kuchanganyika. Mwaka 1690, wakikimbia kisasi baada ya vita, maelfu ya familia za Kiserbia walivuka mto na kuingia nchi za Austria, wakiongozwa na Patriaki Arsenije wa Tatu. Huko uwandani, sehemu inayoitwa sasa Vojvodina, wakaishi na Wahungaria, Wajerumani, Waslovakia na Waromania. Ndiyo maana meza ya Vojvodina ina mchuzi mwekundu wa paprikaš, ina gulaš, ina štrudla yenye mbegu za mpopi, na madonge ya viazi yenye tunda la plamu ndani. Mserbia wa kusini na Mserbia wa kaskazini wanasali kanisa moja, lakini ukifunua vyungu vyao utadhani wametengana karne nzima. Na kweli walitengana.

Basi kama jina ni la Mturuki, mahindi ni ya Amerika na mchuzi ni wa Mhungaria, Mserbia mwenyewe yuko wapi?

Mimi nimemkuta kwenye slava.

Kila familia ya Kiserbia ya Kiorthodoksi ina mtakatifu wake, na siku ya mtakatifu huyo ndiyo siku ya nyumba hiyo. Hurithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa wana, na mke huichukua ya nyumba aliyoolewa. Mezani huwekwa vitu vinne: mshumaa, divai nyekundu, mkate wa duara uliopambwa kwa unga uleule uliofinyangwa, na koljivo. Hiyo koljivo ni ngano iliyochemshwa, ikachanganywa na sukari na jozi zilizosagwa. Mgeni akiingia, kabla hajala chochote, hupewa kijiko cha ngano hiyo. Huila kwa ajili ya walio hai na walio kaburini. Mtaalamu Veselin Čajkanović, aliyefariki mwaka 1946, alishikilia kwamba chini ya slava kuna ibada ya kale ya mababu, kutoka kabla ya ubatizo. Ukiitazama ile ngano, ni vigumu kumbishia.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili: kwa mila, mtu haalikwi kwenye slava. Anayejua siku, anakuja. Mlango uko wazi, na mwenye nyumba husimama akiwahudumia wageni wake, haketi kama bwana mkubwa. Sisi tuna msemo wa mgeni njoo, mwenyeji apone. Wao wamefanya msemo huo kuwa tarehe kwenye kalenda. Na mtakatifu aliye na nyumba nyingi kuliko wote ni Nikola, ambaye siku yake, tarehe 19 Desemba, huangukia ndani ya mfungo wa kabla ya Krismasi (Krismasi yao ni tarehe 7 Januari, kwa sababu kanisa lao linafuata kalenda ya zamani). Kwa hiyo karamu hiyo kubwa haina nyama, haina yai, haina maziwa. Ni samaki, ni maharage, ni sarma isiyo na nyama, na wageni wanajaa vilevile.

Kwa nini mila hii ikawa na nguvu hivyo? Mwaka 1766 Waturuki walifuta kiti cha Patriaki wa Waserbia kilichokuwa mjini Peć. Dola haipo, mfalme hayupo, sasa hata mkuu wa kanisa hayupo. Kilichobaki ni nyumba. Baba akawa kama padri, meza ikawa kama madhabahu, na mwanamke aliyekanda mkate akawa mtunza kumbukumbu, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Katika zile familia kubwa za ndugu walioishi pamoja, wanawake walipika kwa zamu, na aliyekuwa zamu aliitwa redara. Vitabu vya historia vinawataja wakuu wa uasi mmoja mmoja. Redara hatajwi, na bila yeye hao wakuu wangepigana na njaa. Hata kitabu cha upishi cha Kiserbia kilichochapwa mwaka 1855 kiliandikwa na mtawa wa kiume, Jerotej Draganović. Wapishi walikuwa wao, kalamu ikashikwa na mwingine. Dada zangu mnaoandika, nadhani mmenielewa.

Baadaye slava ilikutana na mtihani mwingine. Baada ya mwaka 1945 wakomunisti walishika nchi, na mwanachama wa chama aliyewasha mshumaa wa mtakatifu alijitafutia maneno. Wengi wakaacha. Wengine wakaendelea kimyakimya. Serikali zile zimepita, mshumaa umebaki. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza slava katika orodha yake ya urithi wa wanadamu usioshikika kwa mkono, na mwaka 2022 ikafuata šljivovica, pombe kali ya plamu ambayo bila glasi yake ndogo hakuna harusi wala msiba.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, maana habari hii si ya matumbo tu.

Mwaka 1818, mjini Vienna, mtoto wa mkulima aitwaye Vuk Karadžić alichapisha kamusi ya Kiserbia. Wasomi wa zama zake waliandika lugha ya kikanisa, nzito, ambayo mama sokoni haielewi. Vuk akakusanya maneno ya wachungaji na ya wakina mama wa jikoni, na pale ilipobidi akaeleza mila nzima nzima: namna ya kusherehekea, namna ya kukata gogo la Krismasi. Na maneno yenye asili ya Kituruki hakuyafukuza. Angeyafukuza, mwenye nyumba angekosa jina la kijiko chake, la sukari yake, la chombo cha kuchemshia kahawa. Angelisafisha kabati likabaki tupu. Kwetu pia wako wanaotaka Kiswahili kisafishwe, neno la Kiarabu litoke, la Kiingereza litoke, la mtaani lisiingie. Nawaheshimu, lakini huwa najiuliza watakula kwenye nini kama sahani ikirudi kwao.

Usafi huo ukitoka kwenye kamusi na kuingia kwenye siasa, unaua. Yugoslavia ilipoanza kuvunjika mwaka 1991, watu waliokuwa wakila ćevapi zile zile Belgrade, Sarajevo na Zagreb waligeukiana. Kahawa yenyewe ikawa kitambulisho: Mserbia anasema kafa, Mkroatia kava, Mbosnia wa Kiislamu kahva. Kinywaji kimoja, herufi moja katikati. Katika miaka ile herufi moja ilitosha kumjulisha mtu wewe ni wa upande gani. Bosnia ilipigana toka 1992 mpaka 1995, na mwezi Julai 1995, katika mji wa Srebrenica, majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliwaua wanaume na wavulana wa Kiislamu zaidi ya 8,000. Hao waliouawa na hao waliowaua wote waliita supu čorba. Siwezi kuusifia upishi wa watu hawa nikaruka ukurasa huo. Nikiuruka, nitakuwa nimewaandikia tangazo la hoteli.

Na raia wa kawaida ndani ya Serbia yenyewe nao walionja. Mwezi Mei 1992 Umoja wa Mataifa uliiwekea nchi vikwazo. Mwaka 1993 bei zilipaa kiasi kwamba ilichapishwa noti moja ya dinari bilioni 500, na mshahara wa asubuhi jioni haukununua kitu. Hapo ndipo ile zimnica ya bibi, chupa za ajvar na pipa la kabichi, vilipoacha kuwa mapambo ya mila vikawa uhai. Slava ziliendelea. Mkate wa duara ulikandwa, ngano ikachemshwa, mlango ukaachwa wazi, hata kama mezani palikuwa na maharage tu.

Kwa hiyo narudi kwenye swali langu la daftarini. Mimi naona tulikuwa tunaitafuta asili mahali pabaya, ndani ya chungu. Ukiitafuta humo utamkuta Mturuki, Mhungaria na Mwamerika wa kale wamekaa wanakuchekelea. Asili ya meza ya Waserbia iko kwenye kanuni za kuikalia: unaonja nini kwanza, unajinyima lini, nani anasimama ili nani akae, nani anakumbukwa kabla kijiko hakijaingia mdomoni. Hizo kanuni hakuna aliyeweza kuziteka, kwa sababu hazihifadhiwi ghalani. Mgeni anayefika nyumba ya kijadi hupokewa na kijiko cha slatko, matunda yaliyopikwa kwenye sukari yakabaki mazima, na glasi ya maji baridi, halafu kahawa. Sukari ni neno la kuja, kahawa ni neno la kuja. Lakini huo mpango, kwamba mtu aanze kwa kitu kitamu na maji kabla hujamuuliza kilichomleta, ni wao wenyewe walioupanga, na wanaupokezana.

Wazee wetu walisema mwacha mila ni mtumwa. Nakubali. Ila naongeza kwamba anayedai mila yake haikuazima kitu kwa mtu yeyote naye yuko mbioni kumtafuta mtumwa. Belgrade kuna mkahawa wa zamani, karibu na kanisa kuu, ambao mwenye nao alitaka kuupa jina la kanisa hilo. Makasisi wakakataa. Akapaka mlangoni alama ya kuuliza, iwe ya muda tu mpaka apate jina. Hiyo ilikuwa mwaka 1892. Jina lenyewe mpaka leo ni "?", na watu wanaingia, wanaagiza čorba, wanakula, wanashiba.